Kufundisha kwa kujitolea nje ya Kongo: sekondari ya kijijini Zambia au Tanzania? Ulinganisho kwa mwalimu wa Lubumbashi

Mwalimu wa Lubumbashi anayetaka kutoa mwaka mmoja au miwili kufundisha kwenye sekondari ya kijijini nje ya Kongo ana milango miwili ya karibu. Zambia iko pale Kasumbalesa, kilomita tisini na kitu kutoka mjini. Tanzania ni mbali, ila watu wake wanaongea Kiswahili. Wengi huchagua kwa kupima njia, au kwa sababu padri au mchungaji fulani ana rafiki upande ule. Kipimo hicho kinadanganya. Maswali yanayoamua ni mawili: unafundisha somo gani, na mwanafunzi asipoelewa Kiingereza chako, utamrudia kwa lugha gani?

Tuanze na somo. Kama diploma yako ya ISP (chuo cha juu cha ualimu) ni ya Kifaransa, punguza matumaini mapema. Nchi zote mbili zina Kifaransa kama somo la hiari, lakini shule zinazolifundisha nyingi ziko mijini, au ni za bweni zenye jina. Shule ya kata ya Tanzania (ya serikali, ya kutwa) yenye walimu kumi haina kipindi cha Kifaransa kwenye ratiba yake, na hata ukifundisha bure, somo ambalo halina mtahiniwa halina kazi. Mwalimu wa Kifaransa huko ataishia kupewa Jiografia au Historia kwa Kiingereza, masomo asiyoyajua na yenye mifano ya nchi asiyoifahamu. Kinachotafutwa vijijini, Zambia na Tanzania pia, ni Hisabati, Fizikia, Kemia, kisha Biolojia. Mwenye masomo hayo anaweza kuchagua. Asiye nayo achukue nafasi itakayopatikana, na asione haya kuuliza kwanza.

Lugha sasa. Sekondari zote mbili zinafundisha kwa Kiingereza, na hapo ndipo Mkongo anapohesabu vibaya. Anasikia "Tanzania" anafikiri atafundisha kwa Kiswahili. Hapana. Kiswahili ni lugha ya shule ya msingi ya serikali. Kidato cha kwanza mambo yote yanageuka Kiingereza kwa siku moja, na mtoto wa kijijini anakaa miezi mingi akinakili ubaoni bila kuelewa. Kwa hiyo faida yako Tanzania ni hii: Kiingereza kikikwama, unashuka kwenye Kiswahili, mtoto anaelewa, unapanda tena. Rasmi hairuhusiwi sana. Kwa vitendo karibu kila mwalimu anafanya hivyo.

Ila Kiswahili cha Lubumbashi kitakuchongea. Huku "masomo" ni shule yenyewe: mtoto anaenda ku masomo. Kule masomo ni Hisabati, Fizikia na ndugu zake, na mtu anakwenda shule au shuleni. Bukari kule ni ugali. Muda nao una mtego wake: ratiba ya ofisini imeandikwa 8:00 lakini mdomoni ni saa mbili, na saa ya Tanzania iko mbele ya yetu kwa saa moja nzima. Halafu kuna shikamoo. Mwanafunzi atakuamkia hivyo kila mnapokutana, na jibu ni marahaba. Mwalimu anayejibu "bonjour" au "jambo" anaonekana hana adabu, na wewe mwenyewe unatakiwa kumpa shikamoo mkuu wa shule akikuzidi umri, na wazee wote wa kijiji.

Zambia hakuna Kiswahili cha kukuokoa, lakini kuna Kibemba. Aliyekulia Kasenga, Sakania au Kasumbalesa, au ambaye bibi yake ni Mubemba, Mulamba au Mulunda wa Luapula, atafika mkoa wa Luapula akajikuta nyumbani kuliko atakavyojikuta Sumbawanga. Hata Lushois, yaani mtu wa Lubumbashi, wa mjini kabisa ana maneno ya Kibemba ndani ya Kiswahili chake bila kujua. Mikoa mingine ni habari nyingine: Solwezi wanaongea Kikaonde, Mwinilunga Kilunda. Kwa hiyo usikubali "Zambia" tupu. Uliza mkoa, wilaya, na lugha inayosemwa sokoni.

Kuna kosa la lugha linalowapata walimu wetu pande zote mbili: maneno ya Kifaransa yanayofanana na ya Kiingereza. Mwalimu wa Fizikia anatangaza kwamba leo watafanya "experience", akimaanisha jaribio la maabara. Wanafunzi wanangoja awasimulie maisha yake. Anawaambia watakuwa na "interrogation", nao wanawaza polisi. Na akiulizia ofisi ya prefe, yaani mkuu wa sekondari kwetu, Zambia ataletewa kijana wa darasa la juu mwenye beji kifuani, maana kule prefekti ni kiranja wa wanafunzi. Mkuu wa shule ni "head teacher". Andika orodha ya maneno arobaini ya namna hii kabla ya kuondoka, na ufanyie mazoezi yale ya somo lako: mizani, chupa, kasi, msuguano, mteremko wa mstari.

Ubaoni

Kalamu ya Kongo ina mazoea ambayo huko ni makosa. Sisi tunaandika 3,5. Wao wanaandika 3.5 kwa nukta, na koma kwao inatenga maelfu. Ukiandika 1,250 ukimaanisha moja na robo, darasa zima linasoma elfu moja mia mbili na hamsini. Tanjenti yetu ni tg, yao ni tan. Kugawanya kwa kirefu, sisi tunaweka kigawanyi kulia ndani ya pembe. Wao wanakiweka kushoto na jibu linapanda juu.

Kinachosumbua kuliko vyote ni tarakimu 1. Mkono wa Kifaransa unaivuta ile mkia ya kushoto ndefu hadi karibu na mstari, na 7 tunaikata katikati. Mtoto wa Mansa kule Zambia au wa Mpanda kule Tanzania haikati 7 yake, kwa hiyo 1 yako yenye mkia ndefu anaisoma 7. Unaweka ubaoni 11 × 7, madaftari yanarudi na 77 × 7, na hesabu zenyewe zimefanywa sawasawa. Kabla ya kusema darasa ni zito, tembea kati ya madawati uone walichonakili. Dawa ni kuandika 1 kama fimbo tupu, kuanzia siku ya kwanza.

Kipindi pia ni kifupi: dakika 40, si 50 kama zetu, ingawa vipindi viwili huunganishwa kuwa 80. Andalio lako la Kongo halitaingia ndani yake. Karatasi zenyewe zinalingana vizuri: fishi yetu ya matayarisho ndiyo andalio la somo la Tanzania, na previzyo za mwaka ni azimio la kazi. Zambia wanataka vilevile mpango wa muhula na daftari la kazi zilizofundishwa. Usisafiri na vitabu vya zamani ukitegemea vitaongoza hayo maandalio, kwani nchi zote mbili ziko katikati ya kubadili mtaala: Tanzania ilianza mpya mwaka 2024, Zambia mwaka 2025, na hapo Zambia ikaanza kuacha hesabu ya madarasa 8 hadi 12 na kurudi kwenye vidato. Kwa miaka kadhaa shule moja itakuwa na darasa la juu linalofuata mtaala wa zamani na la chini linalofuata mpya. Uliza utapewa lipi.

Kusahihisha kunataka kichwa kipya. Huku asilimia 50 ndiyo mlango. Mtihani wa kidato cha nne Tanzania unatoa A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. Kisha masomo saba bora yanajumlishwa kuwa pointi, na pointi 7 hadi 17 ndiyo daraja la kwanza, wakati 34 na 35 ni sifuri. Zambia mtihani wa mwisho wa mfumo wa zamani unahesabu kwa tarakimu: 1 na 2 ndiyo alama za juu kabisa, 9 ni kufeli. Mzazi wa kijijini akisema mwanawe amepata 8, usimpongeze haraka.

Shule ni ya nani?

Hapa tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana, na ndiyo inayoamua utamfundisha mtoto wa nani.

Zambia ina shule za misheni zinazosaidiwa na serikali. Mkongo atazielewa mara moja, maana ni ndugu wa shule zetu za konvansyone: kanisa linasimamia, serikali inalipa walimu. Nyingi ziko vijijini kweli, zina bweni na nyumba za walimu. Ukipelekwa na kanisa, unaingia kwenye shule ambayo ina utaratibu, na bado wanafunzi ni watoto wa wakulima na wavuvi.

Tanzania ilitaifisha shule za misheni kwa sheria ya mwaka 1969. Shule za kanisa zilizopo leo ni za binafsi: seminari na shule za bweni zenye karo, mara nyingi zikiwa na maabara nzuri na walimu wa kutosha. Shule zenye uhitaji ni zile za kata, za serikali, zilizojengwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, za kutwa, ambazo mtoto huenda akatembea kilomita saba kuzifikia. Kwa hiyo Mkongo anayeletwa Tanzania na shirika la kitawa, akidhani anakwenda kusaidia maskini, anaweza kujikuta akifundisha watoto wa wafanyabiashara wa mjini. Si dhambi, lakini ujue. Ukitaka shule ya kata, njia inapita kwa halmashauri ya wilaya na ni ndefu zaidi, kwa sababu mgeni kuingia shule ya serikali kunahitaji ruhusa za ngazi kadhaa.

Karo imefutwa pande zote: Tanzania kidato cha 1 hadi 4 tangu 2016, cha 5 na 6 tangu 2022, Zambia sekondari tangu 2022. Matokeo yake ni yaleyale tuliyoyaona Kongo shule ya msingi ilipokuwa bure: madarasa yalijaa kabla walimu hawajaongezwa. Jiandae kwa watoto 60 au 70 mahali palipopangwa 45.

Karatasi

Usivuke na viza ya matembezi halafu ukaanza kufundisha. Kujitolea kunahesabiwa kuwa kazi, hata kama hulipwi senti. Tanzania inataka vitu viwili tofauti: kibali cha kazi kutoka idara ya kazi, na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji, ambacho kwa anayejitolea huwa daraja C. Anayekualika ndiye anayeomba, na anaomba ukiwa bado Lubumbashi. Zambia nayo kibali kinaombwa na mwenyeji wako, lakini juu yake kuna baraza la walimu lililoundwa kwa sheria ya 2013: kila anayefundisha anatakiwa aandikishwe na awe na cheti cha kufanya kazi, na kabla ya hapo vyeti vyako vya nje vipimwe na mamlaka ya sifa za elimu, ZAQA. Tanzania shahada ya nje inatambuliwa na tume ya vyuo vikuu, TCU. Kwa kifupi, Zambia ni karibu kwa basi lakini si karibu kwa karatasi. Weka miezi minne hadi sita kwa kila upande.

Yanayokwama ni haya. Kwanza, diplome d'État, cheti cha kumaliza sekondari: wengi wana atestasyo tu, kwani diploma yenyewe huchelewa miaka. Anza kuifuata leo. Pili, neno "licence". Ya mfumo wa zamani ni miaka mitano baada ya humanités (sekondari); ya LMD, mfumo mpya wa vyuo, ni mitatu. Mpimaji wa Lusaka au Dar es Salaam hawezi kujua tofauti kwa kutazama jina. Ambatisha releve (karatasi za alama) za mwaka kwa mwaka zenye idadi ya saa, na barua ya chuo inayosema mpango ulikuwa wa miaka mingapi. Mwenye graduat (miaka mitatu ya kwanza ya mfumo wa zamani) aombe barua hiyo pia, la sivyo atawekwa ngazi ya chini kuliko anayostahili. Tatu, tafsiri: kila kitu kiwe kwa Kiingereza, kimefanywa na mfasiri aliyeapishwa, jina likiwa limeandikwa vilevile kama kwenye pasipoti. Sisi wenye postnom, jina la tatu la Kikongo, tunaumia hapa. Mtu ni "Ilunga Kabwe Jean" kwenye diploma, "Jean Ilunga" kwenye pasipoti, na faili linalala mezani miezi mitatu. Mwisho, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano: anayetoka Kongo ataulizwa, na kuichanjia mpakani ni bei ya mpakani.

Njia yenyewe

Kwenda Luapula kuna mtego mmoja. Barabara fupi kutoka Copperbelt hadi Mansa inapita Mufulira, inatoka Zambia pale Mokambo, inakata ulimi wa ardhi ya Kongo, kisha inarudi Zambia kwa daraja la Chembe, lililofunguliwa 2008. Kwenye ramani ni mstari mmoja. Kwenye pasipoti ni kutoka na kuingia upya, na viza ya kuingia mara moja inaweza kufia hapohapo. Omba ya kuingia mara nyingi, au zunguka. Upande wa Kasenga unavuka mto Luapula na uko Zambia, lakini hakikisha unagongewa muhuri. Kuvuka kimya pamoja na wavuvi ni rahisi, kueleza baadaye ni kugumu. Kumbuka pia kwamba Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wa Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa ugomvi wa biashara. Ilikuwa kwa muda mfupi, lakini aliyekuwa na nauli ya kwenda tu alilala njiani.

Tanzania ni zaidi ya kilomita 1,000 ndani ya Zambia hadi Nakonde, unavuka Tunduma, kisha Mbeya au lami ya Sumbawanga. Mipaka miwili, sarafu tatu. Kwa Kigoma wengine hupita Kalemie na ziwa. Mtu mwenye mzazi mgonjwa nyumbani au watoto wadogo asijidanganye: kutoka Rukwa kurudi Lubumbashi kwa msiba ni siku mbili au tatu, wakati kutoka Chililabombwe, ng'ambo tu ya Kasumbalesa, unafika kabla ya mazishi.

Tarehe ya kufika

Mwaka wa shule wa Kongo unaanza Septemba, wao wanaanza Januari. Mwalimu anayemaliza deliberasyo (kikao cha matokeo ya mwaka) mwezi wa saba na kuondoka Septemba anafika wakati mbaya kuliko yote. Zambia huo ni muhula wa tatu, na mitihani ya taifa iko mlangoni; Tanzania kidato cha nne kinafanya mtihani Novemba, na kuanzia Oktoba hakuna anayefundisha kitu kipya. Utasimamia mitihani na kufagia ofisi. Nenda Januari. Kama lazima uende katikati ya mwaka, Tanzania ina nafuu: Julai muhula wa pili unaanza, na kidato cha tano kinaingia kikiwa kipya kabisa. Zambia, mvua ya Januari inaharibu barabara za vijijini, na mwaka 2024 kipindupindu kilisogeza ufunguzi wa shule hadi Februari.

Maabara

Mwalimu wa Kemia asome hapa mara mbili. Mitihani yote miwili ina sehemu ya vitendo, na shule nyingi za kata Tanzania zina jengo la maabara lenye meza bila gesi wala maji. Titresheni kwa wanafunzi 40 inataka karibu mililita 150 za kila mmumunyo kwa kila mtu, yaani lita 6 za asidi na 6 za besi. Sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M ni gramu 4 kwa lita. Kemikali hiyo hunyonya unyevu na kabonidayoksaidi ya hewa kopo likibaki wazi, kwa hiyo gramu 4 za kopo la mwaka jana si gramu 4 za kweli. Ndiyo sababu darasa zima linapata jibu moja lenye kosa lilelile. Pima upya nguvu ya mmumunyo kila safari.

Asidi ikikosekana, asidi ya betri ya gari inafaa: karibu mililita 12 ya ile mpya isiyochajiwa, yenye uzito wa gramu 1.25 kwa mililita, ndani ya lita moja ya maji hutoa nguvu inayolingana na 0.1 M ya asidi ya chumvi. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, pole pole, kamwe si maji kwenye asidi. Bomba za sindano za mililita 10 zinashika nafasi ya bureti. Vyote vinapatikana mjini hukohuko. Usijaribu kuvuka Kasumbalesa na chupa ya asidi kwenye sanduku.

Shule za misheni za Zambia mara nyingi zina vifaa zaidi, ila umeme ni wa kubahatisha. Ukame wa 2024 ulipokausha Kariba, mgao wa umeme ulifika saa nyingi kwa siku. Wa Lubumbashi wamezoea delestaji, lakini taa ya sola ibebe.

Fimbo

Zambia sheria ya elimu ya 2011 imepiga marufuku viboko. Tanzania inaruhusu, kwa masharti: mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari. Utaona masharti yakivunjwa. Mgeni asiguse fimbo hata akiombwa na wenzake, na aseme hivyo wiki ya kwanza, kwa upole, kwa mkuu wa shule. Asiyeweza kukaa ofisini huku mtoto akichapwa nje ya dirisha aende Zambia.

Nani aende wapi

Mwalimu wa Hisabati au sayansi ambaye Kiingereza chake bado kinachechemea: Tanzania, kwa sababu Kiswahili kitambeba miezi sita ya kwanza. Mwenye Kiingereza kizuri na Kibemba kidogo: Luapula, shule ya misheni. Mwenye mwaka mmoja tu: Zambia, maana mwaka wa Tanzania hupungua kwa safari. Wa Kifaransa asiye na somo la pili: abaki atafute shule ya mjini, au ajitolee Kasenga na Pweto, ambako walimu wa NU (nouvelles unités, wasioingizwa bado kwenye orodha ya mishahara) wanafundisha bila mshahara na hakuna viza ya kuombwa.

Kabla ya kulipa nauli, mwandikie mkuu wa shule umtake majibu kwa maandishi: nitafundisha somo gani, kidato kipi, vipindi vingapi kwa wiki (zaidi ya 28 ukatae), nyumba ina kufuli na choo chake, maji yanatoka wapi mwezi wa kumi, posho ya chakula ni kiasi gani na inatoka mfuko gani, nani anayelipia kibali, na nikiugua malaria kali hospitali yenye damu iko umbali gani. Akijibu matano kati ya hayo na kukwepa la kibali, subiri.